Kiti chenye mtu na kiti kitupu havitoi sauti moja: hotuba ya kufungua msimu wa sanaa chuoni

Wanafunzi, walimu, wafanyakazi wenzangu wa ukumbi, na nyie majirani ambao sio wa chuo ila mmekuja, karibuni sana. Nimepewa nafasi ya kufungua msimu na nikaambiwa nisome ratiba. Ratiba sisomi, mnayo mkononi na nyingine kubwa ipo pale ukutani. Mi nataka kuongelea kitu kimoja ambacho ratiba haikisemi, nacho ni nyie wenyewe mnaokaa kwenye viti. Watu wengi wanadhani onyesho linatengenezwa kule kwenye steji likaisha, alafu ndo linauzwa kwa waliokaa, na kazi yangu ya kupanga programu imenionyesha kwamba sivyo kabisa, onyesho linakamilika pale watu wanapoingia. Na hili sisemi ili niwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, ni kitu ambacho kimepimwa kwa saa ya mkononi na kwa hesabu, tena kimepimwa chuoni.

Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara kwenye jumba lao la sanaa la Fogg, ukumbi mzuri wa kuangalia ila haukusikilizika. Mwalimu anasema neno, neno linabaki linazunguka hewani zaidi ya sekunde 5, yeye keshasema mengine kumi na yote yamepandana, mtu aliyekaa nyuma anapata uji mtupu. Rais wa chuo akamwita mwalimu mmoja kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akamwambia tengeneza. Wakati huo hakuna aliyekuwa na kanuni ya jambo hili, wajenzi walikuwa wanabahatisha tu, ukumbi ukitoka vizuri wanashukuru, ukitoka vibaya basi. Sabine akachukua filimbi ya kinanda cha kanisani, ile ya bomba, na saa ya kupimia sekunde, na wasaidizi, wakawa wanafanya kazi usiku wa manane kwasababu mchana kelele za mji zilikuwa zinaharibu vipimo. Walikuwa wanabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, wanaipanga humu ndani, wanapiga filimbi, wanaizima, wanasikiliza sauti inachukua muda gani kufa, wanaongeza mito, wanapiga tena, na asubuhi mito inarudishwa kwao kabla watu hawajaamka.

Kwenye vipimo hivo ndo akaona kwamba sio mito tu inayonyonya sauti, hata mtu ananyonya. Mwili wako na nguo zako vinapunguza mwangwi wa ukumbi kuliko mto mmoja wa kiti, tena kwa mbali. Maana yake ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa ni vyumba viwili tofauti kwa masikio, hata kama kuta ni zilezile. Kazi ile ikamfanya aitwe kushauri ujenzi wa Symphony Hall ya Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo wanamuziki wanausifu kuwa ni moja ya kumbi bora duniani kwa sauti. Yote yalianzia kwenye darasa ambalo wanafunzi walikuwa hawasikii mwalimu.

Ningependa siku moja mje mchana wa onyesho muone mafundi wetu wanavofanya. Okestra inataka mwangwi wa kama sekunde 2 ili nota zishikane, tamthilia inataka kama sekunde 1 au chini, la sivyo maneno yanamezana. Ukumbi kama huu ambao leo una kwaya na kesho una tamthilia hauwezi kuwa na mwangwi mmoja, ndo maana kule juu pembeni kuna mapazia mazito ambayo wengi wenu mnadhani ni mapambo, yale yanashushwa na kupandishwa kufuatana na kazi ya siku hiyo. Fundi sauti anasimama katikati ya viti vitupu, anapiga kofi moja kali, anasikiliza mkia wa lile kofi unaishia wapi, anamwambia mwenzake shusha la kushoto, anapiga tena. Na hapo anajua kabisa kwamba anachosikia sio kitakachosikika usiku, kwasababu nyie bado hamjafika, kwahiyo anaacha nafasi yenu, anaweka mwangwi uzidi kidogo akijua miili itaula. Akifanya saundcheki anawahesabu nyie msiokuwepo. Mkija nusu ya alivotarajia, usiku ule sauti haikai alivoipanga.

Hiyo ni fizikia, ila kuna upande wa pili ambao mi naupenda zaidi.

Efua Sutherland wa Ghana, mwandishi na mwalimu wa maigizo, alifungua Drama Studio pale Accra mwaka 1961 na baadae akafanya kazi miaka mingi na Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon. Yeye hakuridhika na ukumbi wa mjini tu, alienda kijiji cha Atwia kwa Wafante, watu ambao hadithi ni uhai wao, na pamoja na wanakijiji wakajenga nyumba ya hadithi, Kodzidan. Alichojifunza kwenye usimuliaji wa hadithi za Ananse, yule buibui mjanja wa ngano za kwao, ni kitu kinaitwa mboguo. Msimulizi anasimulia, alafu mtu yeyote kwenye wasikilizaji anaweza kuikata hadithi kwa wimbo, sio kwa utovu wa adabu, ni haki yake, wimbo unaitikiwa na wote, watu wanacheza, pengine wimbo unachekesha alichosema msimulizi au unamsukuma aongeze kasi, ukiisha hadithi inaendelea pale ilipoachiwa. Nyie mliokulia kwenye paukwa na pakawa mnalijua jambo hili hata bila kuelezwa, msimulizi asipoitikiwa haendelei. Sutherland akaichukua mboguo akaiingiza kwenye tamthilia zake, kwahiyo ile nafasi ya msikilizaji ikawa imeandikwa ndani ya kazi yenyewe. Na studio ile ya Accra ilipobomolewa kupisha jengo la National Theatre, mfano wake ulijengwa upya kwenye eneo la chuo Legon, na wanafunzi wanaigiza humo mpaka leo.

Sasa mtu ataniuliza, hizo ni hadithi za kijijini, kwenye ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni mambo hayo yanawezekana? Yanawezekana, njoo asubuhi tukiwa na onyesho la watoto wa shule. Watoto hawajafundishwa bado kukaa kama masanamu. Mhusika mbaya akinyatia nyuma ya mhusika mzuri watoto mia kadhaa wanapiga kelele wote kwa pamoja, angalia nyuma! na mwigizaji aliyekomaa anaipokea ile kelele, anasimama kidogo, anageuka upande usio wenyewe, watoto wanachanganyikiwa kwa raha, ukumbi unatikisika. Onyesho lilelile jioni kwa watu wazima linakuwa fupi kwa dakika kadhaa, sio kwasababu kuna kipande kimekatwa, ni kwasababu watu wazima hawajibu. Nawaomba wakubwa mjifunze kwa wadogo hapo. Sio lazima mpige kelele, ila cheka ukichekeshwa, guna ukiguswa, usikae unasubiri jirani yako aanze.

Na tukiongelea vyuo na hadhira lazima niwataje Makerere, kwasababu wao walifanya kitu ambacho sisi wenye majengo makubwa tunakisahau. Novemba 1962, Uganda imetoka kupata uhuru mwezi uliopita, chama cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere kilipanda steji ya National Theatre Kampala na tamthilia mpya ya mwanafunzi mwenzao, The Black Hermit. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa anaitwa James Ngugi, hajatoa riwaya hata moja bado. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Kampala wakati ule anaona bango: tamthilia ya mwanafunzi, jina hulijui, kazi haijawahi kuonyeshwa popote. Waliokuja walikuja bila uhakika wowote, na leo sote tunamjua Ngũgĩ wa Thiong'o. Ila hata kama asingekuja kuwa mtu mkubwa, wale waliokaa siku ile walifanya kazi yao, walimpa mwandishi kijana kitu ambacho hakuna mwalimu anaweza kumpa darasani, yaani kusikia ni wapi watu wanakaa kimya na ni wapi wanaanza kukohoa.

Alafu mwaka 1965 Makerere wakaenda mbele zaidi, wakaanzisha Free Travelling Theatre. Wanafunzi kwenye likizo wanapanda basi na michezo mifupi mifupi, wanazunguka Uganda na kuvuka mpaka kwenda Kenya, wanaigiza bure kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Bila pazia, bila taa za kubadilisha rangi. Ukiigiza mahali pa wazi mtu akichoka anaondoka tu, hakuna mlango wa kumzuia, hakuna hela aliyolipa ya kumfanya avumilie, kwahiyo mwigizaji anajua ndani ya dakika moja kama amewapoteza watu. Mi naamini kila mwanafunzi wa maigizo apitie kitu cha namna ile kabla hajapewa steji yenye taa, na ndo maana msimu huu wanafunzi wetu wa tamthilia wataanza kwa kuigiza nje, uwanjani, kabla ya kuingia humu ndani. Baadhi yao hawajafurahia, najua, wameniambia, ila tutaenda hivohivo.

Kuna na upande wa jengo kuondoka kabisa. Chuo Kikuu cha Iowa, kule Marekani, kilikuwa na ukumbi wao mkubwa, Hancher, uliofunguliwa mwaka 1972 ukingoni kabisa mwa mto. Ukumbi huo ulikuwa na roho ya kuthubutu, waliwapa wasanii nafasi ya kuanzisha kazi mpya kwao badala ya kusubiri zikomae miji mikubwa, mfano Joffrey Ballet, kundi la dansi ya baleti, walicheza kwa mara ya kwanza toleo lao la baleti maarufu ya Nutcracker pale Iowa City mwaka 1987, kwenye mji mdogo wa chuo. Juni 2008 mto ukafurika na maji yakaingia ndani, ukumbi ukawa haufai tena. Ukumbi mpya umekuja kufunguliwa Septemba 2016, sehemu ya juu zaidi mbali na maji. Hesabu mwenyewe, ni miaka 8 bila nyumba. Wakaendelea na misimu yao, wanaomba kumbi za wengine, leo hapa kesho kule, na watu wakawa wanawafuata. Nikiwa nagombania bajeti ya taa na mapazia, na nitaendelea kuigombania msidhani nimeacha, huwa naukumbuka mfano huu, kwamba walipopoteza taa na mapazia yote walibaki na kituo cha sanaa kwasababu walikuwa wamebaki na hadhira, na nina mashaka makubwa kama kinyume chake kingewezekana.

Sasa nije kwenye hela, maana hapa ndo watu hawaelewi kwanini tunauza tiketi ya msimu mzima na kwanini tunawasumbua muinunue mapema.

Gharama kubwa za onyesho haziangalii wamekuja wangapi. Kundi la wasanii unalipa kiasi mlichokubaliana kwenye mkataba, mara nyingi mkataba umesainiwa mwaka mmoja kabla au hata zaidi, umeme, mafundi, usafiri, malazi, fundi wa kutuni piano, wote hao wanalipwa sawa wakija watu 50 au wakijaa mpaka ngazini. Shoo ya jina kubwa inajaza, inabakiza kitu. Shoo ya wasanii ambao hapa hawajulikani inapoteza, hilo tunajua kabla hata ya kuiweka kwenye ratiba, tunaiweka kwa makusudi. Msimu ndo unaotuwezesha kufanya hivo, ile iliyojaa inaibeba ile ambayo haijajaa. Na mtu akinunua tiketi ya msimu mapema anatupa uhakika wa kumwita msanii ambaye tungemwogopa. Kituo kinachoita majina makubwa tu kila wiki, kwangu mimi hicho sio kituo cha sanaa cha chuo, ni ukumbi wa kukodisha, na wafanyabiashara wa burudani wanaifanya hiyo kazi vizuri kuliko sisi.

Kitu kingine, kundi likiwa safarini linapita vyuo kadhaa kwa mfululizo, na sisi tunaongea na vituo vingine, nyie mnawachukua Alhamisi sisi Jumamosi, hapo gharama ya usafiri inagawanywa na wote tunapata nafuu. Ndo maana kuna wiki mbili kwenye ratiba zimebanana sana na mwezi mzima uko karibu mtupu. Wengi mmelalamika kuhusu hilo na mko sahihi kulalamika, ila sio uzembe wa kupanga, ni njia ya wasanii ilivopita.

Basi niwaambie tu maonyesho ambayo mi nina wasiwasi nayo, yale mengine yatajiuza yenyewe. La kwanza ni la mpiga ala peke yake, saa nzima, hakuna mwimbaji hakuna maiki hakuna chochote kilichochomekwa umeme. Hapo ndo mtamsikia Sabine alichokuwa anakitafuta na mito yake. Siku hiyo kuanzia mchana hakuna atakayeruhusiwa kugonga nyundo wala kuburuta viti humu ndani, tutakuwa tumezima na kipoza hewa mapema, na tukizima kipoza hewa kutakuwa na joto, vaeni vyepesi. La pili ni la dansi, wachezaji wanacheza sehemu kubwa bila muziki, unasikia nyayo na pumzi zao tu. Watu wengi wakisikia bila muziki wanasema hiyo sio ya kwangu. Mi niliwaona mazoezini nikiwa nimekaa karibu, ukiisikia miguu kumi na miwili inatua kwa pamoja kwenye mbao ule mshindo unaupata tumboni, hautamani muziki wowote uje kuufunika. La tatu ni tamthilia ya wanafunzi wetu, imeandikwa hapahapa, bado inaandikwa upya mpaka leo asubuhi nimeona kurasa zimebadilishwa. Hilo ndo bango lenye jina usilolijua.

Kwa kila moja ya hayo matatu kuna mazungumzo na wasanii baada ya onyesho, na wale wachezaji watakaa chuoni wiki nzima, watafundisha darasa la wazi ambalo halihitaji uwe umewahi kucheza. Walimu wa fani nyingine msione haya hayawahusu. Mwalimu wa fizikia, lete darasa lako mchana wa saundcheki, fundi sauti amekubali kuwaonyesha vipimo. Mwalimu wa udaktari wa viungo, wachezaji wamesema wako tayari kuongea na wanafunzi wako kuhusu magoti na vifundo vya miguu, wanayajua maumivu yao kwa majina.

Mambo ya adabu nitapita haraka. Simu zima kabisa, sio kuweka mtetemo tu, kwasababu hata mwanga wa kioo unaonekana kutoka kwenye steji na mwigizaji anakuona wewe peke yako gizani. Ukichelewa utaingizwa kwenye mapumziko ya kipande, usigombane na mwanafunzi wa mlangoni, yeye kapewa maelekezo. Muziki wa vipande vitatu au vinne, watu wanaogopa kupiga makofi mahali pasipo, wanaaibishwa na jirani aliyewageukia. Jamani hata wakati wa Mozart watu walipiga makofi katikati na yeye alifurahia, kaandika mwenyewe kwenye barua kwa baba yake mwaka 1778 kutoka Paris. Kwahiyo ukiguswa ukapiga makofi hakuna atakayekutoa nje, na wewe uliyezoea kukaa kimya usimkodolee macho aliyeguswa.

Viti vya magurudumu vinaingilia mlango wa pembeni usio na ngazi na nafasi zao haziuzwi kwa mtu mwingine mpaka dakika ya mwisho. Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo kwenye tamthilia usiku wa pili, anasimama upande wa kushoto wa steji, kwahiyo wenye kumhitaji waombe viti vya upande huo mapema, na msiomhitaji tafadhali msivichukue vile vya mbele. Wanafunzi ambao hela ya tiketi ni tatizo, mnaweza kufanya zamu ya kuonyesha watu viti na mkaangalia onyesho bure, karatasi ya kujiandikisha iko mezani pale mlangoni na mpaka sasa zamu za shoo kubwa zimejaa ila zile tatu nilizozitaja bado ziko wazi zote.

Dirisha la tiketi linafunguliwa tukimaliza hapa. Kabla ya hapo nachukua maswali, nianze na nyie wa kule nyuma maana nataka nijue kama mlikuwa mnanisikia bila maiki.